Pesa Umeshalipa, Dai Chako

Mavuno ya mpunga yakishaingia ghalani, Kyela huingia kwenye harusi, na harusi zikipita hubaki bahasha. Nyingi zina noti. Lakini siku hizi hutakosa moja au mbili zenye kadi ya duka kubwa la Mbeya au Dar es Salaam. Mbele imeandikwa thamani yake kwa maandishi makubwa. Nyuma kuna masharti yaliyoandikwa kwa herufi ambazo mzee hazioni hata akivaa miwani, na katikati ya masharti hayo kuna tarehe. Aliyeitoa alikuwa na nia njema, alitaka maharusi wachague wenyewe sufuria au mashuka wanayoyapenda. Kilichompita ni kwamba duka hilo halina tawi Kyela.

Kutoka Kyela mjini hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 100, unapandisha Tukuyu. Anayetoka Matema ana safari ya kupitia Ipinda kabla hajafika stendi. Kadi ya shilingi 50,000 ukitoa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha njiani, haibaki na cha maana. Kwa hiyo maharusi hungoja wapate sababu nyingine ya safari: mgonjwa wa kupeleka Hospitali ya Rufaa, mtoto wa kupeleka shule, mzigo wa mchele wa kusindikiza. Miezi inapita. Siku wanapofika kaunta, binti wa duka anapitisha kadi kwenye mashine, anatazama kioo, anasema "mfumo umekataa, muda wake umeisha," kisha anamwita mteja anayefuata. Nimelishuhudia hilo nikiwa kwenye foleni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba dada aliyeambiwa hivyo aliomba radhi, akarudisha kadi kwenye pochi, akatoka. Aliomba radhi yeye, wakati pesa ilikuwa imelipwa zamani, duka limeizungusha miezi yote hiyo, na rafuni hakijatoka hata kijiko.

Naandika makala haya kwa ajili ya dada yule na wengine wengi wa mwambao wetu. Mtu akilipa kabla ya kupokea, iwe kwa kadi, kikaratasi, bando au malipo ya awali ya mabati, amemkopesha mfanyabiashara. Anayekopesha ni mdai. Mdai haombi radhi, na wala hana haja ya kugomba. Anachohitaji ni ushahidi na kumbukumbu ya tarehe, na ajue aanzie kwa nani na amalizie kwa nani. Wengi wetu tunaingia dukani kama waombaji hata pale duka lenyewe ndilo linalodaiwa.

Wenzetu wengine wameliwekea sheria jambo hili la kadi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2009 kwamba thamani ya kadi ya zawadi isife kabla ya miaka 5. Ireland iliweka miaka 5 mwaka 2019, na mwaka huohuo Australia ikaweka miaka 3. Jimbo la Ontario huko Kanada lilishaanza kuzuia tarehe za ukomo tangu 2007. Hoja yao kubwa ni kwamba pesa ya mteja haiozi, na duka likiwekewa muda mrefu halipungukiwi kitu, kwa kuwa limeshalipwa. Kwetu, mlaji anasimama juu ya sheria za jumla: Sheria ya Ushindani Namba 8 ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, yaani FCC, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Sheria ya Ushindani inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kama uliambiwa kadi haina mwisho halafu mwisho ukatokea, au masharti yalifichwa hadi ulipokwisha lipa, hapo una la kusema mbele ya watu.

Ukipewa kadi, usiiweke kabatini na vyombo vya sherehe. Siku hiyohiyo ipige picha mbele na nyuma, kisha piga simu dukani uulize inakubalika tawi lipi, mwisho wake lini, na kama inaweza kutumika kwa awamu. Ukiona safari haipo karibu, omba waiongezee muda kabla tarehe haijafika. Ombi la kabla ya tarehe husikilizwa kirahisi kuliko lalamiko la baada yake. Kadi nyingi hazina jina la mtu, kwa hiyo unaweza kumpa ndugu yako aliyeko Mbeya, akanunua mahitaji yake mwenyewe, akakurushia pesa kwenye simu. Hilo nalipenda kuliko yote, maana halihitaji hisani ya mtu wa duka. Na ukienda mwenyewe, maliza salio lote. Shilingi 3,000 zilizobaki kwenye kadi ni zawadi umeliachia duka.

Tarehe ikiwa imeshapita, usibishane na binti wa kaunta. Mashine imemkatalia na hana mamlaka ya kuifungua. Mwombe akuitie meneja, mweleze kwa utulivu, umpe njia ya kukusaidia: aifufue kadi, au akupe bidhaa za thamani hiyo, au amrudishie aliyeinunua. Meneja anaweza kukataa. Basi omba kukataa kwake kuwe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwa sababu barua ya kukataa ndiyo inayofungua mlango wa ngazi ya juu.

Na nyinyi mnaotoa zawadi, nawaomba kwa dhati: mnapompa mtu wa Kyela, Ipinda au Ngonga, mpeni noti au mrushieni kwenye simu. Mkitaka lazima iwe kitu, nunueni kitu chenyewe.

Kadi za plastiki, hata hivyo, ni chache. Kadi tunayoishi nayo kila siku ni kipande cha boksi la sabuni. Mama amenunua kilo 2 za sukari kwa noti ya 10,000. Muuzaji anapapasa droo, hana chenji. Anachana pembe ya boksi, anaandika 4,000 kwa kalamu inayokwamakwama, anampa. "Utachukua kesho, mama." Hakuna jina la duka wala tarehe, na sahihi hakuna. Kwa anayekaa mtaa wa nyuma, kesho ni kesho kweli. Kwa mama wa Ikombe aliyekuja na mtumbwi kuuza vyungu Matema, kesho ni siku nyingine ya gulio. Kwa aliyeshuka bandarini akitokea Lupingu au Manda, kesho inategemea ratiba ya meli. Anaporudi anamkuta kijana mgeni kaunta, naye anageuzageuza kile kipande cha boksi: "Huyo aliyekuandikia ameshaacha kazi, mimi sijui."

Dawa ya hili iko kabla ya kupima sukari. Uliza kwanza, "Nina elfu kumi, chenji ipo?" Sukari ikiwa bado kwenye gunia, una nguvu, ikishaingia kwenye mfuko wako, nguvu imehamia kwake. Kama chenji haipo na bidhaa unaihitaji, mwambie akurushie kwenye simu, kwa kuwa maduka mengi ya kwetu ndiyo hayohayo mawakala wa pesa za mtandao. Ikishindikana, kikaratasi kiwe na jina la duka, tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi. Kisha muuzaji aandike deni hilohilo kwenye daftari la duka ukiwa unaona, kwa sababu muuzaji anaweza kuondoka lakini daftari linabaki. Akikupa pipi badala ya chenji, kataa. Pipi nne si shilingi mia mbili, ni bidhaa umeuziwa bila kuiomba. Kiberiti au chumvi ni afadhali, kama kweli nyumbani vinahitajika.

Pesa kubwa zaidi hukwama kwenye mabati na saruji, na hapa nitakaa kidogo.

Kakao yetu siku hizi inakusanywa kwenye vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada, na malipo yanamfikia mkulima kwa mkupuo. Mpunga nao hulipa kwa msimu. Mwenye pesa ya mkupuo anajua kabisa kwamba ikilala ndani wiki 2, ndugu, karo, msiba na mikopo midogomidogo vitaimaliza. Kwa hiyo anaipeleka kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kuanza kudunduliza: leo analipia mabati 10, mwezi ujao 10, mpaka paa likamilike. Ni busara ya kweli, na nyumba nyingi nzuri unazoziona ukitoka Kyela kwenda Ipinda zimeezekwa hivyo. Tatizo ni karatasi anayopewa. Mara nyingi imeandikwa "malipo ya awali, mabati," na jumla ya pesa, basi.

Karatasi hiyo inaacha milango mitatu wazi. Wa kwanza ni bei. Baada ya miezi 4 anaambiwa bei imepanda, aongeze. Kama kilichoandikwa ni pesa tu, duka linaweza kudai kwamba uliweka akiba na hukununua kitu. Lakini ikiandikwa kwamba mabati 20 yameuzwa kwa bei fulani kila moja, mauziano yamefanyika kwa bei hiyo, na kilichobaki ni kukabidhiana. Kwa hiyo lipia idadi kamili ya mabati kila unapopeleka pesa. Badala ya "nimeweka laki tatu," risiti iseme "mabati 10 yamelipwa yote."

Mlango wa pili ni aina. Geji ya bati inaenda kinyume na watu wanavyodhani: 28 ni nene kuliko 30. Wapo wanaolipia 28 na kupakiwa 30, na bati jembamba utalijua siku fundi atakapopanda juu, au upepo wa ziwani utakapoanza kulipiga. Risiti itaje geji, urefu kwa futi, rangi na jina la kiwanda. Siku ya kuchukua, fungua bando la mabati papo hapo dukani, soma maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe, tafuta alama ya TBS, linganisha na risiti. Sheria ya mauzo inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa. Isipolingana una haki ya kuikataa, lakini ukataaji wa dukani, mbele ya mashahidi, ni rahisi mara kumi kuliko wa kesho yake mabati yakiwa yameshafika Mwaya kwa bajaji.

Mlango wa tatu ni uhai wa bidhaa, nao unahusu zaidi saruji. Kyela ina joto na unyevu, na mvua za Machi hadi Mei si za mchezo. Mfuko wa saruji ukikaa miezi 3 kwenye stoo yenye unyevu unapoteza nguvu, na ukikaa zaidi unaganda ukawa jiwe. Ukilipia mifuko 30 mwezi wa Desemba kwa ajili ya ujenzi wa Julai, usikubali duka likuonyeshe mifuko "yako" iliyotengwa pembeni. Andikishaneni kwamba utapewa mifuko mipya siku ya kuchukua. Siku hiyo minya pembe za mfuko. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, rudisha.

Yote hayo yaandikwe kwenye risiti ya mashine ya EFD, au kama mashine haina nafasi ya maelezo, kwenye karatasi ya duka iliyobandikwa pamoja na risiti hiyo. Mashine hizi zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na watu bado wanaziona kuwa habari ya TRA peke yake. Kwako wewe mnunuzi, risiti ya EFD ni shahidi asiyehongeka: ina tarehe, saa, jina la mfanyabiashara na namba yake ya mlipakodi. Udhaifu wake ni karatasi. Hufifia kwa joto, na joto la Kyela kila mtu analijua. Iache kwenye mfuko wa shati msimu mmoja, utabaki na kipande cheupe. Ipige picha siku hiyohiyo na umtumie mtu mwingine nyumbani, ili simu ikizama ziwani ushahidi usizame nayo.

Watu wazima wa wilaya hii wanakumbuka vocha nyingine. Kati ya 2008 na 2014 serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, iliendesha mpango wa vocha za pembejeo, na mkoa wa Mbeya ulikuwamo. Mkulima alipata vocha za eka 1: mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, na mbegu bora ya mahindi au mpunga. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei, nusu nyingine aliijazia mwenyewe. Wengi walivuna vizuri kwa sababu yake. Lakini vocha ilikuwa ya msimu, na sehemu nyingi ilichelewa kufika, ikamkuta mkulima ameshapanda au hana ile nusu ya kujazia. Hapo ndipo wajanja walipopita. Mkulima alitia sahihi kwamba amepokea mbolea, akapewa pesa kidogo mkononi, na wakala akaenda benki kudai thamani yote. Kwenye vitabu, shamba lilikuwa limewekewa mbolea.

Tangu msimu wa 2022/2023 ruzuku ya mbolea imehamia kwenye usajili wa mkulima na namba yake. Mfumo umebadilika, tahadhari haijabadilika. Namba yako na alama ya kidole chako visitangulie mfuko. Kwanza uone mfuko, usome jina la mbolea, uangalie kama umeshonwa kiwandani, ubebwe utoke nje ya kaunta, ndipo uthibitishe. Wakala akikwambia "weka kidole kabisa, mbolea inakuja kesho na gari," mjibu kwamba na kidole kitakuja kesho na gari hilo.

Bando ni kisa cha kila nyumba, sitakirefusha. Malalamiko ya vifurushi kuisha muda yalikuwa makubwa kiasi kwamba Machi 2021 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kanuni ndogo za vifurushi, zianze tarehe 2 Aprili. Siku hiyo bei mpya zilizua kelele nchi nzima na zikasitishwa. Hata hivyo leo mitandao ina vifurushi visivyo na ukomo wa muda, na njia za kumhamishia mwingine bando lako. Watu hawavinunui kwa sababu vinaonekana ghali. Piga hesabu ya unachotumia kweli, usihesabu unachopewa. Mvuvi anayejiunga kifurushi cha siku alfajiri kisha akaingia ziwani, au mama wa kijiji cha chini ya milima ya Livingstone ambako mtandao unakuja na kuondoka, analipia saa ambazo hatazitumia. Kwake kifurushi kidogo kisicho na ukomo ndicho cha bei nafuu. Bando likikatwa isivyo haki, anza na huduma kwa wateja ya mtandao wako, chukua namba ya lalamiko, andika tarehe. Bila namba hiyo, TCRA watakurudisha ulikotoka.

LUKU nayo ilitufundisha jambo mwaka 2024. Mita nyingi za malipo ya kabla duniani zilikuwa na mwisho wa hesabu yao ya ndani, tarehe 24 Novemba 2024, na TANESCO iliwataka wateja kuingiza namba za ziada ili mita ziboreshwe. Namba za umeme zilizonunuliwa zamani na kulala kwenye simu bila kuingizwa zilikuwa zinakwenda kufa siku hiyo. Umeme ulioingia kwenye mita ni wako. Tarakimu 20 zilizobaki kwenye ujumbe ni ahadi tu. Ukinunua, ingiza siku hiyohiyo, na ujumbe usiufute.

Lipo pia jambo ambalo tarehe haihusiki nalo: duka lenyewe kufa. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya iliyokuwa imefika hadi Tanzania, iliwekwa chini ya msimamizi mwanzoni mwa 2018 na ikafungwa kabisa 2020. Wateja walikuwa wamejikusanyia pointi kwenye kadi zake kwa miaka. Duka likifilisika, mwenye kadi anapanga foleni nyuma ya mabenki, na foleni hiyo kwa kawaida haimfikii. Dalili huonekana mapema. Rafu zinabaki na sabuni za aina moja, wafanyakazi wananong'ona kuhusu mishahara, wagavi wanadai pesa taslimu mlangoni. Ukiziona kwenye duka la Nairobi au kwenye duka la vifaa hapa Kyela ulikodundulizia mabati, nenda ukachukue bidhaa zako wiki hiyo, hata kama nyumba bado iko msingi.

Sasa tuje kwenye kulalamika. Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lipo karibu kila ukuta, na limefunga midomo ya watu wengi mno. Tangazo hilo halifuti sheria. Sheria ya Ushindani ina masharti yanayohesabika kuwa yamo ndani ya mauziano ya mlaji hata kama hayakutamkwa, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kiwe cha ubora unaouzika na kifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji. Redio isiyowaka, mbegu isiyoota, biskuti zilizopitwa na tarehe, vyote hivyo si "umekosa bahati." Upande wa pili niseme ukweli: ukirudisha gauni zima kwa sababu umeona lingine zuri zaidi, duka likikubali limekufanyia hisani, na ushukuru. Na usikawie. Ukikaa na kitu kibovu wiki nyingi bila kusema, sheria inaweza kukuhesabu umeshakikubali.

Namna ya kusema ina uzito kwetu. Mzee anaamkiwa kwanza hata kama unamdai, na ukianza na kelele mbele ya wateja, mwenye duka atatetea heshima yake badala ya kutafuta bati lako. Nenda saa ambayo duka halina watu. Mwache kijana wa kaunta, mtafute mwenye mali. Asipopatikana, tuma ujumbe, mfupi, usio na tusi, wenye tarehe na namba, kama huu: "Shikamoo baba. Tarehe 14 Juni nililipa shilingi 600,000 dukani kwako kwa mabati 20 ya geji 28, risiti ninayo. Tulikubaliana nichukue tarehe 30 Juni, nikafika nikaambiwa hayapo. Naomba nipewe mabati hayo au pesa yangu yote kufikia Jumamosi ijayo. Ndaga, asante." Hapo umesema ulilipa nini, umeahidiwa nini, unataka nini, lini. Ujumbe huo nimeuona ukifanya kazi pale ambapo ugomvi wa mwezi mzima ulishindwa, maana anayeusoma anajua mara moja kwamba utasomwa pia na mtu mwingine.

Jumamosi ikipita kimya, huna haja ya kungoja nyingine. Ofisi ya biashara ya halmashauri iko hapahapa Kyela, na afisa biashara anamfahamu mwenye duka kwa leseni yake. Mashauri mengi huishia kwake kwa simu moja. Kama tatizo ni mzani au gunia la lumbesa, hilo ni la Wakala wa Vipimo. Chakula kilichopitwa na muda, vipodozi au bati lisilo na kiwango ni vya TBS, ambayo tangu 2019 imepokea pia usimamizi wa chakula na vipodozi. Udanganyifu wa matangazo, masharti ya kadi na bidhaa bandia vipeleke FCC, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya. Lalamiko la umeme, ukishamaliza na TANESCO, linakwenda kwa mdhibiti wa nishati, EWURA. Usizunguke zote kwa pamoja. Chagua inayohusika, upeleke nakala ya risiti, picha na ule ujumbe, na uondoke na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Kwa pesa tu, ambapo mtu hana bidhaa wala hataki kurudisha, Mahakama ya Mwanzo inatosha, na huhitaji wakili. Unaeleza dai lako, unalipa ada, mdaiwa anaitwa. Nenda na shahidi aliyekuwepo ulipolipa, hata kama ni dereva wa bodaboda aliyekusubiri nje akaona noti zikihesabiwa. Mwenye duka akija siku ya kesi akaomba kulipa kwa awamu, unaweza kumkubalia, ila awamu hizo ziandikwe mbele ya hakimu na siyo kwenye ngazi za mahakama mkiwa mnatoka. Risiti halisi usimkabidhi mdaiwa hata akisema anataka kuilinganisha na kitabu chake. Mpe nakala, na ile halisi mwonyeshe ukiwa umeishika wewe.